Zaburi ya Uwanja wa Mpunga

Sauti ya Goreth haikuwa mbaya, ila haikukaa mahali pamoja. Pasaka iliyopita alianzisha wimbo kanisani, mpiga kinanda akamfuata, akamfuata tena, mwishowe akaondoa mikono na kumwachia Mungu. Kata nzima ya Kawajense ilicheka mpaka Jumatatu. Sasa zamu ya kuongoza misa ilikuwa ya jumuiya yao, na kura ya zaburi ikamwangukia yeye. Aliitaka kwelikweli, aifute ile aibu iliyokuwa bado inamwasha.

Jumamosi alikuwa shambani na majirani wa jumuiya wakipura mpunga, pikipiki ya Kasimiri, mwalimu wa kwaya, ilipotokea. Goreth akajua mara moja amefuata nini: kumwomba aiache zaburi. Mtu haji kwenye mpunga na viatu vya misa bure.

Akaamua kutomsikia. Kama mama yake alivyofanya kule Mpimbwe, alishika sauti moja tu, akatembeza maneno juu yake: mvua iliyochelewa, ndege waharibifu, jirani yake Lucia anayependa kivuli. Kisha akaishusha. Wenzake wakaitikia, fimbo zikatua pamoja.

Mguu wa Kasimiri ukaanza kugonga. Punde akaokota fimbo.

"Mama Emelyne," alimwambia Goreth walipopumzika, jasho likimtiririka, "mbona huku hupotei?"

"Nipotelee wapi, mwalimu? Wimbo una vilima. Huku naghani tu, ni tambarare. Nasema maneno yangu nikiwa nimeyanyoosha."

"Na kule kushusha mwishoni?"

"Watu wapumue. Nyie mnadhani mtu anapura bila kupumua?"

Kasimiri akacheka. Alisema seminarini walifundishwa kwamba watawa wa zamani walighani zaburi hivyo hivyo: sauti moja ili maneno yasikike, na kushuka ili wavute pumzi.

"Mama yangu hakwenda seminari," alisema Goreth. "Alikwenda shamba."

"Basi kesho ghani. Kinanda nitakifunika."

Jumapili Goreth alisimama mbele ya watu. Akashika sauti ile ile ya shambani. Maneno yakatembea. Aliposhusha, kanisa zima likaitikia, na ubeti uliofuata likaitikia kwa nguvu zaidi. Furaha ikampanda hata akasahau kuogopa.

Hapo ndipo walipoharibu. Lundo la mwisho la mpunga likiisha, wapuraji hupiga "Hoo!" na kutupa fimbo chini. Goreth aliposhusha ubeti wa mwisho, jumuiya nzima ikapiga "Hoo!" mbele ya altare, Kasimiri akiwemo. Lucia akatupa chini kitabu chake cha nyimbo.

Goreth alitamani ardhi ipasuke immeze. Padre, mtoto wa wakulima wa Mpimbwe, aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika.

Wakati wa mahubiri ulipofika, alisimama akamtazama Goreth.

"Kupura mmeshamaliza," alisema. "Mimi nitapepeta tu."