Kuliamsha Jina la Kalista

Umewahi kuulizwa jina lako limetoka wapi, ukabaki kutazama vidole vya miguu? Wengi hawajui. Wanaitwa, wanaitika, basi. Lakini kule Idodi, kwa kina Evarista, jina la mwanamke lilikuwa na habari zake kama shamba lilivyo na mipaka, na mtoto wa kike alifundishwa habari hizo kabla hajajua kufunga kanga.

Roza binti Evarista alifundishwa zote. Mwaka 1976, mwezi wa nane, alikuwa Igawa, amekaa juu ya ngozi ya ng'ombe mbele ya nyumba ya mama mkwe wake, ananyonyesha mtoto wa kike wa miezi miwili. Jina alilotaka mtoto huyo abatizwe nalo analijua. Hajalisema kwa mtu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na padre anakuja Jumapili.

Mume wake, Mihayo, ni Msukuma. Yeye na wazazi wake walitoka Maswa wakiswaga ng'ombe, wakashuka mpaka Usangu kutafuta majani. Kwa Wasukuma mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha ni Shija, awe wa kiume awe wa kike, na kikao cha kuchagua jina hakiitwi. Mama mkwe, Minza, alipenda kusema, "Shija hapewi jina. Anashuka nalo."

Basi mtoto alikuwa Shija, na kabla ya Shija walikuwepo mapacha.

Kulwa na Doto, wasichana wote wawili, walizaliwa masika ya mwaka 1974, wakakaa siku kumi na moja. Kulwa alikwenda asubuhi, Doto akamfuata jua likiwa utosini. Wakazikwa ukingoni mwa mfereji wa mpunga, penye unyevu, kama ilivyo desturi ya mapacha kwa kina Mihayo. Minza alimshika Roza mabegani, wala si kwa ukali, akamwambia, "Mkamwana, mapacha hawaliliwi. Ukiwalilia, mvua inafunga na tumbo linafunga."

Roza hakulia. Alichota maji, akapepeta mpunga, akampelekea baba mkwe uji. Alingoja kilio kimpite kama mtu wa Igawa anavyongoja lori la Zambia lipite ndipo avuke lami. Kikapita kweli. Nyuma yake hakikuja kitu kingine. Tangu hapo chumvi ya mboga aliitia kwa kukumbuka kiasi, maana ulimi haukumwambia neno. Shija alipozaliwa alimpokea vizuri, akamwogesha, akamkanda, akamfunga mgongoni sawasawa, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani na hataki lawama. Watu, walioacha kumwita Mama Kulwa tangu maziko, wakamwita Mama Shija, naye akaitika.

Alhamisi hiyo, saa tisa alasiri, Evarista, mama yake Roza, akateremka kwenye basi la Iringa. Idodi alikuwa ametoka juzi yake, juu ya lori la mahindi. Alibeba kikapu cha nyasi za milulu chenye maharage na unga, na kuku mmoja aliyefungwa miguu kwa kamba ya mkonge, ambaye basi lilipofika Makambako alitaga.

"Yai hili nimelishika mkononi tangu Makambako," alisema, akimkabidhi Minza. "Usije ukasema mkwe wako alikuja mikono mitupu."

"Mhehe ananipa kuku?" Minza alilipokea yai kwa mikono miwili, akianza utani. "Mimi nilijua ataniletea paja la mbwa."

"Mbwa tulimmaliza njiani, mkwe. Na ninyi mnaokunywa maziwa mpaka mmesahau meno ni ya nini, nyama ya mbwa mngeifanyaje?"

Walicheka mpaka Minza akalishika yai vizuri lisianguke. Roza naye alicheka, kwa sababu wenzake walikuwa wanacheka.

Evarista alimchukua mtoto, akamgeuzageuza, akamtazama masikio. Hakuuliza jina la ubatizo. Ndugu yangu, safari yote ile, lori na basi na vumbi la siku mbili, aliifanya kwa ajili ya jina hilo, na hakuuliza. Hakuruhusiwa.

Mambo yalikuwa hivi. Jina la Kalista lilikuwa la ukoo wao wa kike, na lilikuwa limelazwa. Jina hulazwa aliye nalo akifa vibaya. Likilazwa, halitajwi kwa mtoto yeyote mpaka mama aliyezaa aliombe kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mwanamke mkubwa wa ukoo. Mkubwa huyo hadokezi wala hakonyezi. Akidokeza, jina linakuja na kifo kile kile ndani yake. Mwanamke mkubwa sasa alikuwa Evarista.

Kusimulia, hata hivyo, hakukukatazwa. Ijumaa asubuhi, wanawake watatu wakiwa wanachambua mpunga kwenye nyungo, Evarista akaanza.

"Kalista wa kwanza ni bibi yangu mimi. Alizaliwa na jina lingine ambalo leo hakuna anayelijua. Padre Mzungu alifungua kitabu chake, akamwambia utaitwa Kalista, maana yake kwa Kigiriki mzuri kupita wote. Bibi alikuwa na makovu ya ndui uso mzima. Akaenda akainamia beseni la maji, akajitazama, akarudi akamwambia, padre, macho yako yanakusumbua, lakini jina nalichukua."

Minza aligonga ungo kwa kiganja. "Huyo alikuwa mtu."

"Wa pili ni shangazi yangu. Chereheni ya kwanza Idodi ilikuwa yake. Mwaka mmoja alipata jora moja la kitambaa chenye maua ya njano, akashonea mashati wanaume wote. Jumapili kanisani wake zao walishindwa kujua nani wa nani kwa mgongo. Mzee Kalinga alishikwa mkono na mke wa mtu mpaka nyumbani kwake."

"Na yeye akakubali kwenda?"

"Alisema alidhani mkewe amenenepa."

"Basi na sisi tunao," Minza alisema akifuta machozi ya kicheko. "Shija, shangazi yake mume wangu. Mwaka wa njaa wanaume waliondoka, akabaki na ng'ombe kumi na wawili peke yake. Waliporudi wakawakuta kumi na watatu. Na yuko Shija mwingine, huyu nimemwona kwa macho, alitembea kutoka Maswa mpaka hapa nyuma ya mifugo na mimba kubwa, akajifungua Rungwa, kesho yake akaendelea kuswaga."

"Huyo Shija wenu hakupumzika?"

"Ng'ombe hawakupumzika."

Wakarudi kwenye mpunga. Kalista wa tatu Evarista hakumsimulia. Roza alimjua. Alikuwa dada yake, aliyemfundisha kusuka nywele na kusoma saa, akafa na miaka kumi na tisa juu ya lori, barabara ya kwenda hospitali Iringa, na mtoto tumboni. Kwa sababu yake jina lililazwa. Roza alitazama punje za mpunga kwenye kiganja. Maneno ya kuomba aliyajua, ni machache tu, na mama yake alikuwa amekaa palepale, magoti yao yamegusana. Akatoa jiwe moja dogo, akalitupa kando, akaendelea.

Jumamosi asubuhi katekista, Mwalimu Liberatus, alipita na daftari lake kuandikisha watoto.

"Shija tumesikia, lakini padre anataka jina la mtakatifu au la Biblia. Mnasemaje?"

Mihayo alimtazama mkewe. "Mama Shija?"

"Lolote tu," Roza alisema.

Liberatus alilamba ncha ya penseli. Evarista alikuwa ameinama, anafungua fundo la kanga yake ambalo lilikuwa wazi tayari.

"Esta ni zuri," Liberatus alisema mwishowe. "Fupi, na malkia."

"Esta," Mihayo alikubali. Katekista akaandika kwa penseli, akaenda nyumba ya pili.

Mchana ule Evarista aliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi. Kisha akajifuta mikono. "Nipelekeni nikawaone wajukuu zangu."

Hapakuwa na haja ya kuuliza wepi. Masika ya mwaka ule alichelewa kwa sababu ya mafuriko, akafika wiki mbili baada ya maziko, na kwa heshima ya ukwe hakuomba kupelekwa. Minza aliweka chini kibuyu cha maziwa. "Mkwe, unajua desturi ya hapa."

"Naijua. Ni ya kwenu. Mimi sikuzaa mapacha, hao kwangu ni wajukuu tu. Mvua ikifunga, mnidai Idodi."

Minza alifikiri. "Mgeni hakatazwi njia," alisema, akawatangulia.

Kule mfereji ulikuwa umepungua, maji yanapita kwa shida kati ya matete. Evarista alipiga magoti kwenye tope la ukingoni na kanga yake nzuri, akalia. Alilia kwa sauti ya kawaida, bila kujitupa, akiwaita mmoja mmoja, Kulwa, Doto, akiwaeleza kuwa daraja lilikuwa limechukuliwa na maji, kwamba alikuwa njiani. Minza alisimama amewapa mgongo, anawatazama ng'ombe wa watu ng'ambo. Roza alisimama na mtoto mgongoni. Hakuna aliyekuwa ametaja majina yale mbele yake kwa miaka miwili. Machozi hayakuja. Alisikia tu baridi ya tope nyayoni, akashangaa kidogo kwamba ni baridi, kwa sababu alikuwa amesimama pale muda mrefu.

Jumapili kanisa lilijaa. Watoto walikuwa tisa, na Shija alikuwa wa saba. Padre alishuka kwenye mstari, Liberatus akimshikia kitabu, akiuliza wazazi swali lile lile kwa sauti ile ile. Alipofika kwao mtoto alikuwa amelala.

"Mmempa mtoto wenu jina gani?"

Mihayo alifungua kinywa. Roza akamgusa mkono, akamzuia.

Padre alingoja. Liberatus alitazama daftari, akamnong'oneza padre, "Esta." Roza hakumtazama padre wala katekista. Aligeuka kabisa, akawapa mgongo wote wawili, akamtafuta mama yake aliyesimama nyuma yake pamoja na Minza. Evarista alikuwa amefumba macho, midomo ameibana, asije akadokeza hata kwa pumzi.

"Mama," Roza alisema. Sauti ilitoka imekwaruza. "Mama, naomba jina la Kalista. Nililitaka tangu alipozaliwa Kulwa."