Maua ya Mwaka Jana

Watu husema subira huvuta heri. Mimi Eliakim subira imenichosha. Mke wangu Gladness aliondoka hapa Norsborg, ughaibuni, mwezi wa kwanza, akaenda kwao Marangu, kwa sababu majira ya baridi ya huku yalimshinda. Alikuwa anashinda ndani amejifunika blanketi, taa zote zinawaka, analia na hajui analilia nini. Tiketi nilimkatia mwenyewe. Akasema atarudi machipuko yakifika, na tarehe ya kurudi tukaiacha wazi. Ujinga wangu huo.

Kila jioni anapiga simu. Tukishasalimiana tu: "Theluji bado ipo?"

Nikisema ipo, anaguna, anahamia kwenye habari za masika: maharage yameota, migomba imenawiri, mgongo wa mama umepona. Sauti yake imerudi ile niliyoipenda. Nafurahi, halafu naanza kujiuliza. Mtu aliyepona hivyo arudi huku kufanya nini? Jirani yangu Oduor ananitania, "Bwana Eli, siku hizi umeoa simu." Nacheka naye, lakini nikifunga mlango, kicheko kinaisha.

Wiki iliyopita theluji ilianza kuyeyuka, nikapata matumaini. Jumapili ikaanguka upya, mpaka magotini. Mwezi wa nne, jamani. Hapo nikafanya upuuzi: nikatafuta picha ya maua ya mwaka jana, yale ya manjano yanayoota karibu na kituo cha treni, nikamtumia. Nikaandika, "Machipuko hayo, yamefika."

Hakujibu. Kesho yake, kazini Kista, nilifuta meza ileile mara mbilimbili, macho kwenye simu. Jioni akapiga.

"Mume wangu, hali ya hewa ya huko naiangalia kila asubuhi. Najua mmeamkia theluji."

Aibu ikanishika. "Sasa mbona huwa unaniuliza?"

"Nakupa nafasi useme. Miezi mitatu unanisimulia theluji. Hujaniambia hata siku moja nirudi."

Nikamwambia ukweli, kwamba naogopa. Nikisema rudi, atarudi kwa kunihurumia, na baridi ijayo imvunje tena. Nikasikia mvua tu ikipiga bati la kwao, nikajua nimeshampoteza.

"Rudi, Gladness," nikasema. "Theluji ipo, na mimi peke yangu siwezi."

"Haya," akasema. "Ukija kunipokea, uje na koti langu."