Mheshimiwa Kisu

Kabla hajaitwa Mheshimiwa alikuwa mkunga, na wepesi wa mkono wake ulisifiwa jimbo zima. Alizalisha watoto mpaka akafikia kuzalisha wajukuu wa akina mama aliowazalisha mwanzo. Aliyemtoa wodini akamsukuma kwenye siasa ni mke wa fundi cherehani, aliyemfia mikononi saa nne asubuhi, jua linawaka, barabara kavu, na wauguzi wote wapo. Mtoto alikaa vibaya tumboni. Kilichotakiwa ni kisu na mtu wa kukishika, na hospitali yenye kisu ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa gari.

Akagombea ubunge. Kila mkutano alisema neno moja tu: "Mimi sina maneno mengi. Nipelekeni bungeni nikawaletee kisu." Watu wakacheka, wakampa kura, na jina likamganda: Mheshimiwa Kisu.

Siku ya kwanza bungeni alisimama na swali moja. Aliuliza ni lini serikali itajenga chumba cha upasuaji katika kituo cha afya cha kwao. Naibu waziri akafungua jalada, akajibu kwamba serikali inatambua umuhimu wa jambo hilo. Mwaka uliofuata akauliza tena, na serikali ilikuwa bado inatambua. Ikafika mahali wabunge wenzake wanamtania mgahawani, "Kisu, leo umekinoa?" Naye anacheka nao, kisha anarudi ukumbini kuuliza.

Mwaka wa saba jengo likasimama. Kuta nyeupe, mlango mpana wa kupitisha machela, taa kubwa darini. Alikata utepe huku machozi yakimtoka. Mdogo wake, muuguzi wa hapo hapo kituoni, akamnong'oneza, "Dada, usilie mapema. Mashine ya usingizi hamna. Na daktari atatoka wapi?"

"Vitakuja tu," akasema.

Daktari alikuja kweli, akakaa miezi mitatu, akahamishwa. Mashine nayo ilikuja, imepungukiwa kifaa kimoja kidogo ambacho hakuna aliyejua kinaagizwa wapi. Chumba kikawa stoo ya magodoro.

Katika kipindi chake cha tatu akateuliwa naibu waziri wa afya. Mdogo wake alipiga vigelegele mpaka wagonjwa wakatoka wodini kuchungulia. "Sasa mpini umeushika wewe, dada!"

Wiki ya kwanza tu, alimwita katibu mkuu wa wizara, mtu mpole asiyepandisha sauti hata kidogo, akamwambia anataka daktari wa upasuaji na mashine kwa kituo kile.

"Mheshimiwa, vituo vya namna hiyo vinazidi mia mbili," yule bwana akasema. "Tukianza na chako watasema unajipendelea. Busara ni kukiweka mwisho wa orodha."

"Mwisho! Nilipokuwa mbunge wa kawaida kilikuwa katikati!"

"Ndiyo hivyo, Mheshimiwa. Ukubwa jalala."

Haukupita muda, mbunge wa jimbo jirani, ambaye watu wake nao walitibiwa pale, akauliza swali kuhusu kituo kile kile. Jalada likaletwa na jibu limeshachapwa. Naibu waziri alilisoma kwanza kimoyomoyo, akayajua maneno yote. Alimtazama waziri wake, akamkuta ameinamia simu. Akawaza: nikisema kweli nitatolewa, na nikitolewa, hata huo mwisho wa orodha hatutaupata. Akasafisha koo, akasoma kama lilivyoandikwa. Wenzake wakagonga meza.

Mchana mdogo wake akapiga simu. "Tulikuwa tunakusikiliza redioni. Wodi nzima."

"Niliandikiwa, mdogo wangu. Si maneno yangu."

"Sauti ilikuwa yako." Kisha akashusha sauti: "Jana nimempoteza mmoja. Sikutaka kukuharibia siku."

"Uzazi wa ngapi?"

"Wa kwanza."

Alimwendea waziri, akaambiwa asubiri bajeti. Akasubiri bajeti mbili. Uchaguzi ulipofika akapambanishwa na mkandarasi aliyejenga lile jengo. "Mimi nimejenga," mkandarasi alisema majukwaani, "yeye kakata utepe." Alimshinda hata katika kituo cha kura kilichokuwa mita chache kutoka wodini.

Mheshimiwa akarudi nyumbani. Akaomba kazi ya ukunga, akajibiwa leseni yake ilikwisha muda zamani, na umri nao umepita. Basi akawa anakwenda kituoni kukaa tu na wajawazito barazani, akiwasikiliza.

Siku moja akaletwa binti aliyekuwa na uchungu tangu jana yake. Mdogo wake alimpima, akatikisa kichwa. Gari la wagonjwa lilikuwa mbali. Mume wa binti, muuza mbao, akamgeukia Mheshimiwa. "Mama, wewe umekaa kule juu. Tumpigie nani?"

Akatoa simu. Ya katibu mkuu iliita mpaka ikakatika. Ya waziri haikupatikana. Mbunge mpya alipokea, akasema yuko kikaoni, akakata.

Wakampakia binti kwenye pikapu ya kubebea mbao. Mheshimiwa akapanda nyuma naye, ameinua chupa ya dripu saa tatu nzima, akibadilisha mkono kila ulipokufa ganzi.

Hospitalini binti aliingizwa moja kwa moja. Mheshimiwa na yule mume wakakaa kwenye benchi la ukumbini mpaka daktari alipotoka akivua glavu.

"Mama yupo," akasema. "Mtoto tumemkosa."

Muuza mbao aliitikia kwa kichwa. Kisha, kwa adabu aliyolelewa nayo, akamgeukia. "Ahsante kwa kutusindikiza, Mheshimiwa."

Mfuko wa nguo za mtoto ulikuwa umedondoka sakafuni, vijisoksi na kofia ya sufu vimetawanyika. Mheshimiwa aliinama, akaviokota, akavikunja kimoja kimoja, akavirudisha ndani.