Aliyemng'oa Wrobel Jino

Mwaka 1921, Elbert Tansil, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma huko Ohio, aliibeba timu ya mji wao katika mpira wa Kimarekani: aliukumbatia mpira, akawapita mabeki mbio, akafunga mara mbili. Gazeti likampa sifa zote nahodha Kessler. Elbert, mchezaji mweusi pekee, alilikunja akaenda kazini.

Jumatano, Stosh Wrobel, beki wa wapinzani, akamfuata kiwandani, mdomo umevimba.

"Eti Kessler ndiye aliyening'oa jino. Kessler hanipiti hata nikiwa nimelala, bwana. Ni wewe."

"Ni mimi. Pole."

"Pole hiyo kamwambie mke wangu." Wrobel akacheka, akampa mkono mbele ya wafanyakazi wote.

Elbert alicheza misimu mitatu zaidi. Gazeti halikumtaja hata mara moja.