Tarumbeta Iliyokohoa

Mkewe alikuwa akisema kwamba mdomo wa Kipenga ulistahili kuwa na kitambulisho chake wenyewe, maana uliingia kila mahali kabla mwenyewe hajafika. Jina la Kipenga alipewa na wasikilizaji. Mezani pake katika studio ya redio alikuwa na kipenga cha mwamuzi wa mpira, na mtu akipiga simu akaanza kuzungusha maneno au kutia chumvi, alipulizwa prriii mpaka akae kwenye hoja. Kila siku ya kazi, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne, nusu ya mji ulinyoa ndevu, ulichemsha chai na kufungua maduka huku ukimsikiliza.

Jumatatu moja, zikiwa zimebaki wiki chache kufika uchaguzi, aliingia studioni akiwa anacheka peke yake. Jana yake Mheshimiwa mbunge, aliyekuwa anagombea tena, alizindua daraja, na bendi ya jeshi ilipangwa kando ya daraja hilo ikampigia wimbo wake wa kampeni.

"Wapendwa, jana nimeona maajabu," Kipenga alianza. "Watu waliokula kiapo cha kulinda mipaka wamesimama juani wanampigia mgombea wimbo. Siasa, jeshi na muziki ni kama chumvi, sukari na pilipili. Vyote vizuri, lakini nani alikwambia uvikoroge kwenye kikombe kimoja? Tangu lini jeshi letu likawa bendi ya harusi? Na kama ni harusi, basi bwana harusi kapunjwa! Ile tarumbeta mliisikia? Ilikuwa inakohoa. Ubeti wa kwanza ikakohoa, kiitikio ikakohoa, ubeti wa pili nikasema jamani, tuipeleke hospitali."

Simu ziliwaka zote. Kinyozi mmoja alisema alijaribu kuufuata ule mdundo kwa mashine yake, mteja nusura aondoke na sikio moja. Kipenga alicheka mpaka akafuta machozi. Siku hiyo alirudi nyumbani akijiona bingwa.

Jumanne, saa tatu kasoro, alikuwa katikati ya sentensi kuhusu takataka zisizozolewa alipomwona Fundi, yaani dada aliyeendesha mitambo ng'ambo ya kioo, akipunga mikono kama anayefukuza nyuki. Fundi aliandika kitu kwenye karatasi akaibandika kiooni: WANAJESHI WAWILI MAPOKEZI. WANAKUULIZA WEWE.

Kipenga aliisoma. "Takataka hizi, wapendwa," aliendelea, sauti ikiwa imepungua kilo tatu, "zinahitaji nidhamu. Nidhamu kama ya... ya wanajeshi wetu. Mmewahi kuziangalia sare zao? Pasi ile! Mkunjo mmoja tu, umenyooka kama rula. Twende matangazo ya biashara."

Meneja wa kituo alikuwa ameshatoweka. Aliaga kwamba anakwenda kukagua jenereta, na umeme ulikuwapo. Kipenga akampigia mkewe, ambaye alikuwa muuguzi wa zahanati.

"Mama Watoto, mchana nisiporudi..."

"Umesema nini tena?"

"Nilisema tarumbeta inakohoa."

"Tarumbeta ya nani?"

"Ya jeshi."

Halafu mkewe akauliza, "Soksi ulizovaa zinafanana?"

"Sijaangalia."

"Angalia. Wakikupiga picha nisije nikaaibika."

Saa nne ilipofika alitoka hadi mapokezi. Wanajeshi wale walisimama, wakamsalimia kwa adabu, mmoja akamkabidhi bahasha. Ndani kulikuwa na karatasi moja yenye mwandiko wa duara, kama wa mwalimu wa shule ya msingi: "Ndugu mtangazaji, unakaribishwa mazoezi ya bendi Alhamisi saa kumi. Njoo na masikio yako. Sajini, kiongozi wa bendi."

Meneja, aliporudi kutoka kwenye jenereta, aliisoma barua mara tatu akasema, "Usiende." Kisha akafikiri. "Usipokwenda, watarudi hapa. Nenda."

Alhamisi alikwenda. Ukumbi wa mazoezi ulikuwa mrefu, bati juu, viti vya chuma vimepangwa nusu duara, na hewa yote ilinukia dawa ya kung'arishia shaba. Wanamuziki thelathini na mbili walikuwa wamekaa, wote wanamtazama. Sajini alikuwa mama mfupi wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Kipenga alikuwa ametarajia mwanamume, akajikwaa kwenye salamu.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Kaa hapo mbele. Usiseme kitu mpaka tumalize. Najua kwako hiyo ni adhabu."

Akainua kijiti chake. Kilichofuata Kipenga alishindwa kukieleza hata kwa mkewe. Ngoma kubwa iliingia taratibu, ikamgonga tumboni. Saksafoni zikateleza juu yake. Kisha akasimama koplo mmoja mwembamba mwenye mwanya, akaweka tarumbeta mdomoni, na sauti ikatoka safi kama maji ya mtungi, ikapanda, ikakaa huko juu bila kutetereka mpaka vinyweleo vya mikono ya Kipenga vikasimama. Ilikuwa tarumbeta ileile ya darajani, na koplo ni yuleyule.

Walipomaliza, Sajini aliwaruhusu vijana wakanywe chai. Akavuta kiti.

"Umesikia kikohozi?"

"Sijasikia, Afande. Sasa Jumapili ilikuwaje?"

Sajini aliifuta miwani yake kwa pindo la shati. "Jumapili tarumbeta haikukohoa. Ilikohozwa."

"Ati?"

"Jumamosi mkubwa wangu, Meja, alinipigia simu, akaniamuru tukampigie Mheshimiwa wimbo wake. Nikamwambia kanuni hairuhusu. Akasema hiyo ni amri. Askari akipewa amri anatii, nikatii. Niliamriwa tuupige ule wimbo. Hakuna aliyeniamuru tuupige vizuri."

Kipenga aliangua kicheko mpaka akashikilia kiti. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu kilichokaa mbele yake kilikuwa habari kubwa kuliko zote alizowahi kuzishika katika miaka ishirini ya kazi.

"Ninakuona," Sajini akasema. "Umeshaanza kuitangaza. Iko hapo machoni."

"Afande, habari hii..."

"Habari hii ikitoka, mimi ninakwenda mahakama ya jeshi, na koplo wangu ananifuata. Ana mapacha wa miezi minne."

"Basi kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu umetuita bendi ya harusi, na vijana wangu walikusikia. Koplo tangu Jumatatu chakula hakipiti. Watu hawa wanapuliza saa sita kwa siku, na sasa wanaamini nchi nzima inawacheka. Nilitaka walau mtu mmoja ajue." Akavaa miwani. "Na Jumamosi ya wiki ijayo kuna uzinduzi wa soko. Wimbo ni uleule. Safari hii Meja atakuja kusikiliza mwenyewe, hivyo hakuna kukohoa."

Kipenga alifika nyumbani giza likianza kuingia, akaketi jikoni, akaanza kumenya viazi bila kuambiwa. Mkewe alikuwa anapiga pasi. Alimtazama, akatazama saa ya ukutani, akamtazama tena.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umenyamaza dakika arobaini. Nimehesabu."

"Nina siri ya mtu."

"Basi usiniambie. Sisi zahanatini tunabeba siri za watu kila siku, ukizoea hazilemei." Akageuza kola ya gauni. "Ila niambie hili tu: huyo mwenye siri ndiye mwenye kosa?"

"Hapana. Mwenye kosa ni mwingine kabisa."

"Basi hangaika na huyo mwingine. Mgonjwa ukimkaripia anaficha kidonda. Ukimwuliza kwa upole, anapandisha suruali mwenyewe akakuonyesha."

Kipenga aliacha kumenya, kisu kikiwa hewani.

Ijumaa alianza kipindi kwa kuomba radhi. Hakuzunguka. "Jumatatu niliwakosea wanamuziki wa jeshi. Nimekwenda, nimekaa mbele yao, nimewasikiliza. Wanapiga vizuri kuliko ninavyosema mimi, na mnajua ninavyojipenda. Nisameheni, na wao wanisamehe."

Yule kinyozi akapiga simu. "Sasa Kipenga, kama ni mabingwa hivyo, Jumapili walipatwa na nini?"

Maneno yalimjaa Kipenga mdomoni, yote, matamu, yamepangana. Fundi alikodoa macho: tangu aanze kazi pale hajawahi kusikia sekunde tatu za kimya katika kipindi kile.

"Jumapili," Kipenga akasema, "kulikuwa na upepo."

Kisha akachukua kipenga chake, akajipuliza mwenyewe, prriii. "Huo ni uongo, ndugu yangu. Swali lako ni zuri ila siwezi kulijibu. Tuendelee." Mji mzima ulicheka, wengine bila kujua wanacheka nini.

Jumatatu alimwalika Mheshimiwa kwa simu. Mheshimiwa aliingia hewani na tahadhari zote, sauti imekaza, anasubiri kuchomwa. Lakini Kipenga siku hiyo alikuwa asali tupu.

"Mheshimiwa, mimi leo sitaki ugomvi. Nataka tuzungumzie wimbo wako. Wajukuu wa jirani yangu wanauimba tangu asubuhi. Nani katunga?"

Sauti ya Mheshimiwa ililegea palepale. "Maneno ni yangu mwenyewe, Kipenga! Niliyaandika garini. Sauti ni ya mpwa wangu."

"Kumbe una kipaji! Sasa niambie. Wagombea wenzako wanazunguka na spika mbili na jenereta. Wewe una bendi nzima, shaba inang'aa. Umewezaje?"

"Ah, siasa ni kujuana, ndugu yangu! Jumamosi ile nilimpigia Meja, nikamwambia kesho nawataka vijana wako darajani. Akasema hata kwenye soko utawapata. Kuna mama mmoja kiongozi wa bendi alitaka kutuletea mambo ya kanuni, sijui haturuhusiwi, sijui nini. Nikamwambia Meja, wewe toa amri, huo ni mdomo tu."

Ng'ambo ya kioo Fundi aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa," Kipenga akasema taratibu, "nakushukuru kwa uwazi wako."

"Karibu sana. Na mtupigie huo wimbo!"

Waliupiga wote, mwanzo hadi mwisho. Haujafika kiitikio, laini zote zilikuwa zimejaa. Mwanasheria mmoja alipiga akiwa na kitabu mkononi, akasoma kifungu: askari aliye kazini hamfanyii mgombea kampeni, na anayemwamuru afanye hivyo ndiye mwenye kosa. Wapinzani wa Mheshimiwa walipiga. Mheshimiwa mwenyewe akapiga tena, akilalamika kwamba maneno yake yamekatwakatwa. Kipenga akamjibu kwamba walikuwa hewani moja kwa moja na mkasi wenyewe haukuwapo. Meneja alikwenda kwenye jenereta tena, ila safari hii alirudi baada ya dakika tano kwa sababu makao makuu ya jeshi yalikuwa kwenye simu na yalitaka nakala ya mahojiano.

Alhamisi ikatoka taarifa fupi ya jeshi, kavu kama biskuti. Bendi haitapiga kwenye mkutano wowote wa wagombea. Kiongozi wa bendi alikuwa amefuata kanuni. Meja alihamishiwa ghala la mablanketi, mahali ambapo hakuna anayempigia mtu simu kuomba kitu. Jumamosi Mheshimiwa alizindua soko lake kwa spika mbili, moja ikiwa inakwaruza. Uchaguzi ulipofika alishinda, kwa kura chache sana, na tangu siku hiyo hajakubali kuingia kwenye kipindi. Kipenga alisema ndivyo siasa ilivyo, akala chakula chake.

Mwezi uliofuata, kwa kibali chenye mihuri miwili, Sajini na koplo walikuja studioni kwa saa nzima ya muziki. Meneja alivaa tai na kupiga nao picha mara nne. Koplo alikuwa amenenepa kidogo. Alieleza jinsi mtu anavyojifunza kupumua kabla hajajifunza kupuliza, na kwamba mapacha wake hulala tu akiwapigia zile noti za chini kabisa.

Robo saa ya mwisho alipiga simu bibi mmoja. Sauti yake ilikuwa nyembamba, imetulia.

"Marehemu mume wangu alikuwa mpiga ngoma kubwa hapo jeshini. Alifariki siku nyingi. Kulikuwa na ile ya kufungia gwaride, ya taratibu. Mnaijua bado?"

Sajini akasogelea kipaza sauti. "Tunaijua, mama. Tunaipiga kila Ijumaa."

"Naomba mnipigie. Simu sikati."

Kipenga alimwashiria koplo. Koplo alisimama, akageukia ukutani ili sauti isiumize mitambo, akaanza. Ilikuwa tuni ya polepole, ya watu waliochoka wanaorudi nyumbani. Mara ya pili kiitikio kilipoanza, wakasikia kitu kwenye simu, tu, tu-tu, tu, tu-tu. Bibi alikuwa anagonga meza kwa vidole, sehemu ya ngoma kubwa, hakosi hata pigo moja. Sajini aliinua mkono wake na kuanza kuwaongoza wote wawili, yule wa ukutani na yule wa kwenye simu. Muda wa matangazo ya biashara ulipita, na Fundi hakuwasha taa ya kuwakatisha.

Koplo akashusha tarumbeta.

"Ndiyo yenyewe," bibi akasema. "Asanteni, wanangu." Akakata simu.