Ushuhuda wa Waya

Tangu atoke hospitali, Waya hakuwa ameomba hata mara moja. Mkewe ndiye aliyeng'amua kwanza. Mtu ambaye zamani sala zake zilipoza chakula mezani, sasa aliinamisha kichwa tu na kusema, "Omba wewe leo."

Waya lilikuwa jina la kazi. Alikuwa fundi umeme. Siku ya ajali alikuwa anabadilisha nyaya za mota kwenye mashine ya kusaga nafaka. Swichi kuu aliizima mwenyewe, mtu asiyejua akaiwasha. Moyo ukasimama. Msagaji, unga umemjaa hadi kwenye kope, alimkandamiza kifua huku akimtukana asife, mpaka pumzi ikarudi. Kanisani, ambako Waya ndiye aliyeongoza maombi, walishangilia. Mchungaji, kaka wa mkewe, akatangaza kwamba Jumapili fundi atashuhudia aliyoyaona ng'ambo ya kifo.

Jumapili asubuhi mchungaji alimfuata nyumbani. Alimkuta sebuleni, shati amevaa, viatu bado.

"Shemeji, watu wamejaa mpaka nje. Utasema nini?"

"Ukweli."

"Vizuri. Huo mwanga ulikuwaje?"

"Hakukuwa na mwanga. Giza pia halikuwepo. Sikuona kitu, shemeji."

Mkewe alikuwa anapiga pasi. Aliiacha juu ya kitambaa mpaka kikaanza kunuka.

Mchungaji akafunga mlango wa mbele, akashusha sauti. "Umesahau tu. Umeme si mchezo."

"Nakumbuka bisibisi ilivyoruka mkononi. Nakumbuka matusi ya msagaji. Katikati hamna kitu."

"Basi nisikilize. Mama yuko chumba hicho hapo, madaktari wameshanyoosha mikono. Halali kwa hofu. Ukisimama useme kule hamna kitu, maneno yatamfikia kabla ya mchana. Utammaliza."

"Na nikidanganya madhabahuni?"

Mchungaji akamshika mkono. "Kweli hukuona kitu?" Waya akaelewa kwamba hofu ile haikuwa ya mama peke yake.

"Baba, njoo." Sauti ya mama mkwe ilitoka chumbani, ndivyo alivyozoea kumwita mkwewe. "Kuta za nyumba hii ni karatasi."

Waya aliingia. Akakaa kwenye kigoda, macho chini.

"Iliuma?" mama akauliza.

"Kupigwa na umeme kuliuma, mama. Baada ya hapo, hapana."

"Uliogopa?"

"Hata mimi wa kuogopa sikuwepo."

Kifua cha mgonjwa kilipanda na kushuka kwa shida. Mkewe Waya alisimama mlangoni, kiganja mdomoni.

"Mimi nilikuwa naogopa maumivu," mama alisema mwishowe. "Hayo mengine namjua niliyemwamini. Wewe umechungulia dirishani mara moja, hata hodi hukupiga, unataka kutusimulia nyumba ya mwenyewe?" Akacheka hadi kikohozi kikamshika. Waya naye akajikuta anacheka, machozi yakimtoka.

"Haya, niombee."

"Siwezi, mama. Nikianza, sijui nasema na nani."

"Basi nitaomba mimi. Wewe nishike mkono."

Mchungaji, aliyesikia yote kutoka sebuleni, akaenda kanisani peke yake. Aliwaambia watu kwamba fundi anauguza.

Mama alifariki wiki hiyo hiyo, mchana, binti yake akimsuka nywele. Alikata kauli katikati ya maneno, bila kulalamika.

Baada ya mazishi Waya alirudi kanisani, ila hukaa nyuma na kipaza sauti hakigusi. Anayemuuliza humjibu vilevile, na wapo walioacha kumsalimia kwa sababu hiyo. Mchungaji hajaacha. Siku moja alimfuata kazini, akamkuta kichwa kimezama ndani ya boksi la swichi.

"Hata kidogo, shemeji?" aliuliza. "Hata sauti?"

"Hata kidogo."

Mchungaji aliokota tochi iliyokuwa sakafuni, akammulikia mpaka kazi ikaisha.