Elki Aliyelala Upande wa Pili

Elki, yule kulungu wa Marekani mkubwa kama farasi, akishtuliwa na risasi si kama swala, anayeruka mara mbili tatu halafu anageuka kushangaa. Huyu akiondoka, ameondoka. Anapanda mlima, anavuka mto, haishii popote mpaka afike asikopigwa, na huko anakaa mpaka msimu wa kuwinda uishe. Katika bonde lile la Montana, kila mtu alijua ni wapi: ranchi ya tajiri mmoja aishiye mbali, ambaye haruhusu mtu awinde kwake hata sungura. Siku ya kufungua msimu, kabla jua halijapata joto, kundi zima lilikuwa kwake likitafuna nyasi kama wageni wa harusi.

Kip Lindgren alilijua hilo kwa uchungu. Mwaka uliopita kundi lilimpita hivi hivi, friza ikakaa tupu baridi nzima, na baba yake, mzee Arvid, akala nyama ya dukani huku kakunja uso. "Ina ladha ya karatasi," alikuwa akisema, na Kip kila mara aliona ni yeye anayesemwa. Moyo wa mzee ulishachoka, mlima haupandi tena. Mwaka huu Kip aliapa: nyama itafika nyumbani.

Kwa hiyo hakwenda kutafuta elki. Alipanda na giza, akajibanza kwenye kipito kati ya vilele viwili, njia ya kwenda ranchi, akawangoja wajinga wamletee.

Wajinga hawakukawia. Kulipopambazuka tu, huko chini barabarani, pa! pa! pa-pa-pa! Watu wameshuka kwenye pikapu, hata kahawa hawajamaliza, wanamimina risasi katikati ya kundi.

"Pigeni, mabwege," Kip akanong'ona. "Nileteeni."

Wakaja. Mbele alikuwa jike mzee, sikio limepasuka, ulimi nje. Nyuma yake majike wenzake na ndama, mamia ya kwato na hakuna hata mmoja aliyetoa sauti. Jike mzee akasimama, akanusa. Upepo ulikuwa wa Kip, haukupeleka harufu yake. Akapita. Kip akachagua jike mnene aliyemfuata, akampiga chini ya bega.

Hakuanguka. Elki hana tabia ya kukutangazia. Alitembea na wenzake kidogo, kisha akajitenga, kichwa chini, akaingia kwenye misonobari. Akijitenga, basi risasi imeingia pazuri.

Na hapo mtu anakaa. Mtoto yeyote wa bonde lile analijua hilo kabla hajajua kusoma: mwache alale, akilala atakaza viungo, atakufa palepale. Ukimfuata angali moto, unampa miguu mipya. Kip alikaa. Lakini akaona vizibao viwili vya rangi ya chungwa, vya wawindaji, vikipanda kutoka chini, vimefuata nyayo. Na huko mlimani wapo watu ambao kwao mnyama ni wa aliyepiga risasi ya mwisho.

"Oya! Umepiga?" mmoja akapaza sauti, anahema kama mbwa.

"Nimepiga. Wangu."

"Mbona hatumwoni?"

"Kwa sababu we kipofu. Rudi ukapigie garini kwako."

Wakacheka, ila hawakusimama. Kip akainuka, akafuata damu.

Jike alikuwa amelala chini ya msonobari, hatua chache tu kutoka kwenye ua wa waya wa ranchi. Akamtazama Kip. Kip akainua bunduki, lakini shina lilikuwa katikati yao, na yule akaondoka kama hajaguswa. Akaubamiza ua kwa kifua, akajitupa upande wa pili, akatembea mpaka uwandani walikokuwa wenzake. Akapiga magoti. Hakuinuka tena.

Wale wawili wakafika. "Pole, bwana. Huyo sasa ni wa tajiri."

"Potea," Kip akasema. Wakapotea.

Bila ruhusa ya mwenye shamba hutii mguu, hata kama mnyama ni wako. Msimamizi wa ranchi akaja na trekta. Alikuwa Denny, mtoto wa baba mkubwa wa Kip.

"Kaka, ni hapo tu. Nampasua, nabeba, natoka."

"Usivuke waya, dogo."

"Ni nyama ya mzee, Denny!"

"Najua ni ya mzee. Si yeye aliyenifundisha kuchuna? Ngoja nimpigie bosi."

Akasogea pembeni na simu. Alirudi taratibu kuliko alivyokwenda.

"Kasema hapana. Mwaka jana alimruhusu mmoja, kesho yake wakajipanga hapa, kila mtu anadai majeruhi wake yumo ndani."

"Na mimi ni wao?"

"Hapana ni hapana kwa wote."

"Haya, na nyama?"

Denny akatazama glavu zake. "Kasema nimvutie shimoni, kule wanakotupwa ng'ombe waliokufa. Hataki mizoga mbele ya dirisha."

"Na utamvuta wewe?"

"Nani mwingine? Nyumba ninayolala ni ya ranchi, Kip. Nikikupa, watoto wangu walale wapi?"

"Walale shimoni naye."

Denny akamfunga jike mnyororo miguuni, akamburuta. Kundi likasogea kidogo kulipisha trekta, likarudi kula. Yule jike mzee hata kichwa hakuinua. Upande ule wa waya, binadamu hawaui.

Nyumbani, Arvid alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulingoja?"

"Walikuwa wanakuja watu, baba."

"Nimekuuliza, ulingoja?"

"Wangemchukua!"

"Wangemchukua, angeliwa. Sasa ameliwa na nani?" Akanyoosha mkono. "Toa kibali chako cha kuwinda ukikate."

"Baba, sina hata unyoya wake! Msimu ndio kwanza unaanza, nitapata mwingine. Nani atajua?"

"Mtu anaua mmoja kwa mwaka. Wewe umeshaua. Kata."

Kip akatoa kisu, akakata mwezi, akakata tarehe vilivyochapwa kwenye kibali, kisitumike tena, kama anavyofanya mtu mwenye mnyama miguuni. Alikata kwa hasira, si kwa majuto. Mzee akakishika kile kibali, akakisogeza karibu na macho kuhakikisha, akamrudishia.

"Haya, umemaliza," akasema, akaenda kulala mchana kweupe.